Mtoto Mchanga Alale Wapi? Kuchagua Kitanda Kidogo cha Kando ya Mama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Baraka na vijiji vya jirani katika mkutano wa mwezi. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa marafiki wanaotusaidia wakiwa mbali.)

  Nitasema Kiswahili chetu cha huku, kilichochanganyika na kile tulichotoka nacho Lugufu na Nyarugusu, tutasikilizana tu.

Komite iliniita kwa sababu moja. Chama kimeweka kando mfuko mdogo kwa ajili ya watoto wanaozaliwa katika familia zilizorudi, na mezani kuna mawazo matatu. La kwanza, tununue vitanda vidogo vya dukani, vile vya kukunja vyenye wavu pembeni, vinavyofungwa ubavuni mwa kitanda cha wazazi. La pili, tupokee vilivyokwisha kutumika, ambavyo ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wamejitolea kukusanya. La tatu, kazi hiyo wapewe mafundi wetu wa mbao. Mmeniuliza ni kipi salama kwa mtoto. Nitajibu mapema nisiwachoshe: kwa nyumba zetu jinsi zilivyo, nachagua wazo la tatu, kwa masharti. La pili naomba tulikatae kwa heshima. La kwanza siyo baya lenyewe, ila vile vitanda havikutengenezwa kwa ajili ya vitanda vyetu. Nitaeleza.

Kwanza tuangalie namna tunavyolala, tusidanganyane mbele ya wafadhili. Tuliporudi kwa meli kutoka Kigoma, kuanzia 2005, wengi tulifikia chini ya shitingi. Leo kuna wenye nyumba za matofali, Mungu ashukuriwe, lakini ndani bado familia nyingi zina kitanda kimoja. Matela ya sponji imezama katikati kama mtumbwi. Baba upande huu, mama upande ule, mtoto wa miaka miwili miguuni, na mtoto wa wiki moja katikati, palepale penye shimo. Wengine hawana kitanda, wanalala juu ya mkeka watu watano. Sisemi hivyo kwa kumcheka mtu. Nasema kwa sababu mtu akichagua kitanda cha mtoto bila kuangalia mahali kitakapowekwa, amechagua picha.

Sasa neno gumu. Kuna vifo vya watoto wachanga ambavyo havina kelele. Jioni mtoto amenyonya vizuri, hana homa, hana kuhara. Asubuhi mama anaamka, mtoto amekuwa baridi. Hapo maswali yanaanza katika kiwanja. Nani alikuja jana kuomba moto? Nani alimshika mtoto akasema amenenepa? Mara nyingi kidole kinamwangukia mwanamke mzee asiye na mtu wa kumtetea. Ninyi mnajua kinachofuata, sina haja ya kukisema. Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu mahali pa kulala mtoto, tunazungumza pia kuhusu amani ya kiwanja chote.

Mtoto wa wiki moja ana kichwa kizito na shingo isiyo na nguvu. Pua yake ikizama kwenye sponji laini, kwenye mkunjo wa kikwembe au chini ya mkono wa baba aliyelala fofofo, hawezi kugeuza kichwa. Anavuta tena hewa ileile aliyoitoa, hewa nzuri inaisha, na hapigi kelele maana hana pumzi ya kupigia kelele. Inaweza kuchukua dakika chache tu, na mama yuko sentimeta 10 kutoka kwake. Sisemi kila mtoto aliyekufa usiku amekufa hivyo. Malaria iko, maambukizi yako, na kuna vifo ambavyo hata hospitali kubwa za Ulaya hazipati sababu yake. Lakini kuna mambo yanayojulikana kupunguza vifo hivi, na mengi hayadai pesa.

Zamani hata madaktari walikosea. Kwa miaka mingi katika nchi za wazungu walisema mtoto alazwe kifudifudi, kwa tumbo. Baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba wanaolala hivyo wanakufa zaidi. Uingereza walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwisho wa 1991, Marekani 1994, na huko Marekani vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Hakuna dawa mpya iliyotolewa. Watu waligeuza mtoto tu. Leo OMS inapendekeza mtoto alazwe chali katika mwaka wote wa kwanza.

Najua swali linalokuja, wamama wananiuliza kila mara: akicheua akiwa chali, si atakabwa na maziwa? Hapana. Mtoto akilala chali, njia ya pumzi iko juu na njia ya chakula iko chini yake. Maziwa yakirudi lazima yapande mlima ili yaingie kwenye pumzi, na mtoto mzima anayameza au anayatema. Akilala kwa tumbo, njia ya pumzi ndiyo iliyo chini, na maziwa yanaiteremkia. Mcheuishe begani, kisha mlaze chali.

Basi mahali pazuri pa kulala mtoto pakoje? Pawe sawasawa bila kuinama, pawe pagumu, pawe patupu, pawe pake peke yake, na pawe karibu na mama. Hilo la mwisho wengine wanalisahau. Kuna watu wakisikia mtoto alale peke yake wanafikiri chumba kingine, kama kwenye filamu. Hapana! Madaktari wa watoto wa Marekani wenyewe wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kando ya kitanda chao, kwa angalau miezi 6 ya kwanza. Mama anasikia pumzi, ananyoosha mkono, ananyonyesha, anamrudisha. Na kunyonyesha kwenyewe ni kinga: watoto walionyonyeshwa kwa miezi miwili au zaidi wanapata vifo hivi mara chache, karibu nusu ya wengine. Kitanda kinachomfanya mama aone uvivu wa kunyonyesha usiku ni kitanda kibaya, hata kama kimepakwa rangi ya dhahabu.

Tuje kwenye vile vya dukani. Nilikiangalia kimoja kwa makini. Kina wavu pembeni, hewa inapita, godoro lake ni jembamba na gumu, vizuri sana. Upande mmoja unashushwa ili mama amfikie mtoto bila kuamka, na kuna mikanda ya kukifunga kwenye kitanda cha wazazi. Shida iko hapo kwenye mikanda. Fundi wa kiwanda aliwaza kitanda cha kiwanda, chenye urefu unaojulikana na fremu ya kupitishia mkanda. Kitanda chetu kimeshonwa na fundi wa hapa sokoni, au ni miti minne iliyochimbiwa ardhini na fito juu yake. Kimoja kinafika gotini, kingine kinafika kiunoni. Unakifunga kile kidogo, usiku mama anajigeuza, mkanda unalegea, kinasogea vidole vitatu. Ule mwanya kati ya vitanda viwili ndio mtego. Mtoto anateremka polepole, mwili unapita, kichwa kinabaki. Kwa hiyo kitanda cha upande wazi ni salama pale tu kinapobana na cha mama bila mwanya wowote, godoro na godoro vikiwa sawasawa, na kimefungwa kisisogee. Kama nyumbani kwako haiwezekani, chagua chenye kuta nne kamili, ukisogeze kandokando ya kitanda chako. Mama atanyanyua mkono juu ya ukuta mfupi, kazi ni ndogo.

Kuhusu vile vinavyotoka Marekani. Ndugu zetu wana moyo mzuri na sitaki barua hii iwavunje moyo wakiisoma. Lakini wajue kwamba huko kwao serikali ilikataza tangu Juni 2011 kuuza vitanda vya watoto ambavyo upande mmoja unateremshwa kwa reli, kwa sababu ule upande ulikuwa unachomoka na kubana watoto. Mwaka 2022 wakapitisha sheria nyingine ya kukataza vilazio vya watoto vilivyoinama, pamoja na ile mito ya kuzungushia kuta za kitanda. Sasa fikirini: vitu ambavyo huko haviruhusiwi kuuzwa vinakwenda wapi? Vinabaki kwenye magereji, na siku ya kukusanya misaada vinatoka, mtu akiamini anasaidia. Vinafika hapa bila karatasi ya maelezo, skrubu mbili zimepotea, fundi anafunga kwa waya. Pamoja navyo wanatuma mito midogo, dubu wa manyoya, mablanketi mazito. Vinapendeza kwenye picha. Ndani ya kitanda cha mtoto wa wiki mbili, kila kimoja ni kitu cha kumziba pua. Nchi tajiri kama Marekani bado inapoteza watoto wapatao 3,500 kila mwaka katika vifo vya usingizini, na matandiko laini yako katika sababu zinazotajwa. Kama mnataka kututumia kitu, tumeni bei ya mbau.

Wengine wataona aibu, waseme wenzetu wana vitanda vya kisasa na sisi tunapewa kisanduku. Finland, nchi yenye baridi na pesa, tangu 1938 inawapa wamama sanduku la karatasi ngumu lenye nguo za mtoto na godoro dogo chini yake. Mwanzoni lilikuwa la wamama maskini, tangu 1949 linatolewa kwa kila mama, tajiri na maskini, kwa sharti la kwenda kupimwa mimba mapema. Watoto wengi wa nchi ile walilala kwanza ndani ya lile sanduku. Na New Zealand, watu wa asili wa kule, Wamaori, walikuwa wanapoteza watoto wengi usiku kuliko wenzao. Wakunga na madaktari waliwaambia wasilale na watoto, wao hawakukubali, maana kulala na mtoto ni desturi yao kama yetu. Mwaka 2006 daktari mmoja wa kwao, David Tipene-Leach, akakaa na wamama wasusi, wakasuka kitunga bapa cha majani ya kitani cha kwao, wakakiita wahakura. Mtoto analala ndani ya kitunga chake, na kitunga kinakaa juu ya kitanda cha wazazi. Yuko nao, lakini hakuna mkono wala blanketi la mtu mzima linalomfikia. Watafiti walikilinganisha na kitanda kidogo cha kawaida, matokeo yakatolewa 2017: hatari haikuongezeka, na wamama wa kitunga waliendelea kunyonyesha zaidi. Mimi napenda sana habari hii kwa sababu moja: hawakuanza kwa kumgombeza mama.

Sasa hapa kwetu kuna kitu ambacho Finland hawana. Tulipoonyesha mfano wa kwanza, kisanduku cha mbau zilizobanana pande zote, mama mmoja mzee alisimama akasema, "Mwanangu, muko munataka bukwe yangu amulalishe mutoto ndani ya sanduku? Sanduku tunajua ni ya nani." Wote walinyamaza. Yuko na haki. Fundi anayeshona kitanda cha mtoto ndiye huyohuyo anayeshona jeneza la mtoto, kwa mbau zilezile na karibu vipimo vilevile, na wengi katika chumba kile walikwisha kumlipa kwa kazi ile nyingine. Unaweza kuwa na maelezo yote ya OMS, kile kitu hakitaingia ndani ya nyumba, au kitaingia na kuwekwa nguo. Kwa hiyo umbo nalo ni usalama. Tumebadilisha: chini ubao, lakini kuta ni fito zilizosimama, zinazopitisha hewa na macho, na miguu minne. Anayekiona anasema ni kitanda, na siku ile mama mzee mwenyewe alikiita kitanda.

Vipimo, wafundi sikilizeni hapa. Ndani kiwe na urefu wa sentimeta 75 na upana wa 40. Kuta zipande angalau sentimeta 20 juu ya godoro, tusipime kutoka kwenye ubao. Kati ya fito na fito nafasi isizidi sentimeta 6, na jaribio ni rahisi: kopo la soda lisipite. Likipita, miguu na kiuno cha mtoto vinaweza kupita, kichwa kikabaki. Misumari yote ikunjwe na ifichwe, kila ukingo upigwe msasa, umpitishie mkono wa mke wako si wako wewe mwenye ngozi ya fundi. Rangi tuache kabisa, mtoto atalamba. Mbau iwe imekauka; mkaratusi mbichi unajikunja, na wiki ya tatu kitanda kinacheza. Kikisukumwa kwa goti kisiyumbe.

Wasusi pia wana nafasi. Nimeona kitunga cha matete kilichosukwa kwa nguvu, kizuri kabisa kwa familia inayolala kwenye mkeka. Sharti ni moja: chini yake iwekwe ubao, maana kitunga kikizoea uzito kinazama katikati na mtoto anakunjika, kidevu kinagusa kifua, pumzi inabanwa. Ndiyo sababu hata bembea, kikwembe kilichotundikwa, au kiti cha gari siyo mahali pa kumwacha mtoto alale usiku. Mgongoni ukiwa unatembea ni habari nyingine, wewe uko macho na unamsikia.

Godoro ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mapenzi ya mama yanaharibu hapo. Anaona ubao mgumu, anasikia huruma, anaongeza mto. Msiongeze! Sponji ngumu ya sentimeta 3 au 4 inatosha, ikatwe sawasawa na kitanda, vidole viwili visiingie kati ya godoro na ukuta, na kitambaa chake kishonwe kibane. Bonyeza kwa kiganja kisha uondoe: kama alama ya mkono inabaki, sponji hiyo ni ya mtu mzima, siyo ya mtoto. Pasipo sponji, blanketi moja linaweza kukunjwa na kushonwa pande zote kwa uzi wa nguvu mpaka liwe bapa na lisisogee, kisha lipite jaribio hilohilo la kiganja. Ndani ya kitanda abaki mtoto peke yake. Hakuna mto, hakuna nguo zilizokunjwa, hakuna chupa. Na mapacha? Kila mmoja chake. Walikaa pamoja tumboni, sawa, lakini tumboni hawakuwa wanapumua kwa pua.

Na baridi je? Hapa chini ziwani baridi siyo shida kubwa, joto ndilo linalowazidi watoto tunaowafunga kama mzigo wa safari. Mguse kifuani au nyuma ya shingo: kama kuna jasho, mpunguzie. Mikono na miguu ya mtoto mchanga mara nyingi huwa baridi, isiwadanganye. Kwa wale wa milimani, mama mwenye cherehani anaweza kushona gunia dogo la kikwembe na flaneli, lenye matundu ya mikono na limefungwa chini. Mtoto analivaa, halipandi usoni kama blanketi. Mbabula isilale ndani ya nyumba hata kama makala yamekuwa majivu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua hata watu wazima, sembuse huyu. Musikitere ile mliyopewa kwenye CPN itundikwe ifunike kitanda cha mama na cha mtoto kwa pamoja, ncha zichomekwe chini ya godoro kubwa na chini ya kitanda kidogo, ikazwe, isining'inie juu ya uso wa mtoto. Kuhusu panya na siafu, ambao wazee waliwataja wakisema ndiyo sababu mtoto halali chini: wana haki, ndiyo maana tumeweka miguu. Wengine wanasimamisha miguu kwenye makopo ya maji kuzuia siafu. Maji yanazaa mbu. Wekeni majivu.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, au mwenye uzito chini ya kilo 2 na nusu, huyo tusimkimbilize kitandani. Mahali pake pa kwanza ni kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaroo iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambayo leo OMS inaipendekeza. Mfuateni muganga wa kituo cha afya, yeye ndiye atakayesema lini. Kitanda kiwe tayari kwa saa ambazo mama amechoka na hakuna wa kumpokea, kwa sababu mtoto mdogo hivyo ndiye yuko katika hatari kubwa kuliko wote akilala katikati ya watu wazima.

Najua pia kwamba usiku wa leo, baada ya mkutano huu, watoto wengi watalala katikati kama jana. Kwa nyumba hizo nasema hivi. Mtoto asikae kati ya baba na mama, wala karibu na mtoto mwingine. Akae upande wa nje wa mama, na pasiwe na nafasi kati ya matela na ukuta. Mkeka mgumu chini ni afadhali kuliko matela iliyozama. Blanketi lenu lisimpite yeye. Na baba aliyekunywa lutuku asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, hata akisema hakulewa. Wababa, msinikasirikie, mkeka mnaujua. Mama naye akiwa amemeza dawa ya kumlaza usingizi mzito, amkabidhi bibi mtoto usiku huo. Sigara vilevile, isiwashwe ndani.

Sasa mfuko wa chama. Pendekezo langu kwa komite ni kuazima, siyo kugawa. Mtoto anakitumia kitanda hiki mpaka anapoanza kujigeuza au kujiinua kwa mikono, yaani miezi minne, mitano hivi. Baada ya hapo kuta fupi zinakuwa hatari, ataziparamia aanguke. Kwa hiyo mama anakirudisha, kinasuguliwa kwa sabuni, kinaanikwa juani, kinapimwa tena kwa kopo na kiganja, godoro linashonewa kitambaa kipya, kinakwenda kwa mama mwingine. Kitanda kimoja kinaweza kulea watoto wawili kwa mwaka, na vitanda ishirini ni watoto arobaini. AVEC za wamama zina daftari na zina nidhamu kuliko sisi wa ofisini, ziachiwe kazi ya kuandika kimeenda wapi na kimerudi lini.

Kitolewe mwezi wa nane wa mimba, kisingoje mtoto afike. Reko aende kwanza nyumbani apime urefu wa kitanda cha mama, aone pa kukiweka, aone paa linavuja wapi. Na bibi au mama mkwe awepo siku hiyo, akibonyeze yeye mwenyewe. Bila yeye tunapoteza mbau. Wa kwanza wawe wamama wa mapacha, wale ambao muganga ameona mimba ndogo, na familia zenye kitanda kimoja kwa watu wanne na zaidi. Mke wa mjumbe wa komite angoje zamu yake. Mmecheka, lakini iandikwe kwenye ripoti.

Kwa wafadhili wanaosoma jarida letu: msaada unaohitajika ni pesa ya mbau kavu, sponji ngumu, kitambaa na mkono wa fundi. Bei itatoka kwa mafundi wetu watatu wakiwa mbele ya komite, siyo kutoka kwangu, na itachapwa katika toleo linalofuata pamoja na risiti. Picha tutawatumia ya kitanda kitupu. Hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa, na mtoto wa mtu hana haja ya kupigwa picha amelala ili kuthibitisha.

Mfano uko pale pembeni karibu na mlango, pamoja na kopo la soda. Wafundi wabaki dakika kumi tuangalie viungio vya miguu, kile cha nyuma kushoto sijakipenda. Wamama wenye mimba ya miezi saba kwenda mbele waandikishe majina kwa mama mweka hazina, na waseme kitanda chao ni cha miti au cha mbau, na kinafika wapi mguuni.